Koki Inayofungwa Kushoto

Fundi bomba alipofariki, Mungu amrehemu, aliacha nyumba ya vyumba vinne, sanduku la spana, baiskeli isiyo na breki, na maandishi ukutani. Nyumba, sanduku na baiskeli viliingizwa kwenye karatasi ya mirathi. Maandishi hayakuingizwa, kwa sababu hakuna aliyejua yaandikwe kama mali ya aina gani.

Aliyaandika kwa ile penseli bapa ya maseremala. Kila alipopitisha bomba ndani ya ukuta alikuwa akiandika juu yake linapopita, na tarehe, kwa herufi kubwa zilizolalia upande mmoja. Alisema fundi anayefukia bomba bila kuacha maelezo ni kama daktari anayemshona mgonjwa na kumwachia mkasi tumboni. Wateja wake aliwaachia karatasi. Kwake mwenyewe aliandika hapo hapo juu ya rangi ya mafuta, na kwa kuwa ukuta ulikuwa karibu kuliko karatasi, taratibu akaanza kuandika na mengine. Nyuma ya jokofu kulikuwa na maneno: "Jokofu limenuna tarehe tatu. Tumepatana tarehe tano." Kando ya dirisha la jikoni: "Mke wangu anasema bomba linavuja. Nimesema halivuji. Linavuja."

Mkewe alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka ishirini na sita, na mtaani walimwita Mama Pasi. Mwanzoni maandishi yale yalimtia aibu.

"Fundi, umegeuza nyumba daftari la darasa la kwanza. Wageni wakija niwaambie nini?"

"Waambie wasome," Fundi alijibu. "Wataondoka na elimu, na chai wamekunywa."

Kumi na moja kati ya miaka thelathini na moja ya ndoa yao aliitumia kulalamika. Iliyobaki alizoea, hata akawa anapangusa vumbi kwa kuzunguka herufi.

Miezi saba baada ya mazishi, binti yao wa pekee alimwomba mama yake ahamie kwake, mji mwingine, kwenye chumba cha chini kisicho na ngazi. Goti la Mama Pasi lilikuwa limeshachoka kabla ya mwenyewe. Alikubali kuhama, akakubali na nyumba iuzwe. Kuta tu ndizo alizoziwekea sharti. Alinunua daftari nene lenye jalada gumu, na kila asubuhi, akishamaliza kusali, alivaa miwani, akavuta kigoda na kunakili maandishi ya ukutani, neno kwa neno, pamoja na tarehe. Hakuwa mwepesi wa kuandika. Ukuta mmoja ulimla siku tatu. Lakini alijiwekea nadhiri kwamba hatatoka katika nyumba ile kabla ya neno la mwisho la mumewe kuingia daftarini. Akishamaliza, nyumba iende kwa yeyote ambaye Mungu amempangia.

Dalali aliletwa na jirani. Alikuwa na viatu vilivyochongoka mbele, simu mbili, na jina ambalo hakuna aliyelikumbuka, maana mtaa mzima ulimwita Nipo Njiani. Ukimpigia saa tatu yupo njiani, ukimpigia saa sita yupo njiani, na siku moja Mama Pasi alimpigia akiwa anamwona kwa macho yake, ameketi kwa kinyozi upande wa pili wa barabara, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Nipo njiani, mama, nakata kona sasa hivi."

"Kata na upande uliobaki kwanza, baba," alisema Mama Pasi, akakata simu.

Siku aliyokuja kuikagua nyumba alitembea chumba hadi chumba akipiga picha, akisoma kuta na kucheka peke yake.

"Mama, hii nyumba ni nzuri, ila ina maneno mengi kuliko mke wangu. Tunapaka rangi, tunaiuza ndani ya wiki."

"Kuta usiziguse," alisema Mama Pasi. "Nanakili. Nikimaliza nitakwambia."

"Mama, wewe ndiye bosi."

"Nimesema usiziguse."

"Nimesikia, mama yangu. Naapa mbele ya Mungu."

Mama Pasi hakupenda watu wanaomwita Mungu kwa mambo madogo, lakini alimpa ufunguo mmoja. Karatasi ya makubaliano waliiandika kwa mkono, mezani, na dalali akaondoka na kalamu yake.

Wiki zilizofuata zilikuwa na watu wengi. Nipo Njiani alikuwa na desturi ya kuwapa kazi madalali wenzake, nao wakawapa wenzao, hivyo Mama Pasi hakujua tena nani anamuuzia nyumba. Alitoka bafuni akakuta mwanamume asiyemjua amesimama sebuleni akipima dirisha kwa mkono. Siku nyingine alikuwa amepiga magoti anasali, mlango ukafunguliwa kwa ufunguo, sauti ikasema nyuma yake, "Na hiki ndicho chumba cha wageni." Kwenye tangazo, nyumba ilikuwa na bustani. Mama Pasi aliitazama sana ile picha ya bustani. Ilikuwa nzuri. Haikuwa yake.

Lililomshangaza zaidi alilisikia akiwa jikoni. Nipo Njiani alikuwa sebuleni na mteja.

"Na yule mama?" mteja aliuliza.

"Yule? Mama wa usafi. Wenye nyumba wako nje ya nchi, hawana haraka kabisa."

Mteja alipoondoka, Mama Pasi alimwita dalali jikoni.

"Mimi ndiye mama wa usafi?"

"Mama, sikiliza, hii ni biashara. Mnunuzi akimwona mjane anateremsha bei palepale. Akiona mama wa usafi anajua wenye mali wana uwezo. Nakulinda wewe."

"Na mume wangu yuko nje ya nchi?"

Nipo Njiani alifikiri kidogo. "Si uongo sana, mama."

Mama Pasi aliendelea kukamua dekio. Hakutaka kucheka mbele yake, lakini alilazimika kuinama kwenye ndoo.

Kufikia mwezi wa nne wa kunakili, alikuwa amemaliza jikoni, sebule na ukumbi. Palibaki bafu na chumba cha kulala. Katika chumba cha kulala kulikuwa na maandishi machache, na moja kati ya hayo lilikuwa chini ya kalenda. Kila mwaka kalenda mpya iliwekwa juu ya ile ya zamani, kwenye msumari uleule, mpaka zikawa nene kama mto wa kulalia. Alijua kuna mstari chini yake. Alikumbuka hata mahali pake, kati ya kitasa cha mlango na kona ya kitanda. Maneno yenyewe yalikuwa yamemtoka. Alikuwa akiuweka wa mwisho, kama mtu anavyotenga kipande kizuri pembeni mwa sahani.

Binti yake akampigia. Mwaka ulikuwa umetimia, familia ya mumewe ingekusanyika kwake kwa sala ya kumwombea marehemu. Mama Pasi alifunga nyumba, akaenda, akakaa siku tano.

Aliporudi alisikia harufu kabla hajafungua mlango. Alifungua. Ndani kulikuwa kweupe.

Alisimama ukumbini na begi mkononi. Kuta zote zilikuwa nyeupe kuanzia sakafuni hadi darini, nyeupe kama mashuka yaliyotoka kwenye mashine, na yeye ndiye aliyekuwa akijua kuliko wote mashuka meupe yanavyoonekana. Alikwenda chumba cha kulala. Kalenda zilikuwa zimerundikwa juu ya kitanda, msumari umeng'olewa, tundu limezibwa. Alipitisha kiganja mahali mstari ulipokuwa. Ukuta ulikuwa baridi. Aliweka begi chini, akanawa mikono, akakaa.

Nipo Njiani alikuwa njiani siku nzima na akafika siku iliyofuata.

"Umeonaje, mama? Nimekushangaza, eh?"

"Nilikwambia usiguse kuta."

"Nilidhani unazungumzia za nje."

"Za nje hazina maandishi."

"Mama, nimekufanyia hisani. Rangi ya daraja la kwanza hii, ile ya hospitali, ya kudumu. Hata ukisugua na msasa haitoki."

Alisema hivyo kumfariji. Mama Pasi alimwamini, na ndiyo sababu hakujaribu kitu. Alijua rangi za hospitali. Ukizisugua zitoke, zinatoka na kila kilicho chini yake. Alimwambia dalali aende.

Kwa siku tatu, katika sala zake za asubuhi, alipofika mahali pa kuwaombea waliomkosea alimfikia dalali akamruka. Siku ya nne alimtaja, kwa sauti ndogo. Kisha alifungua daftari kwenye ukurasa uliofuata, akaandika "Chumba cha kulala" juu, akapiga mstari chini yake. Hakuwa na la kuandika. Aliuacha ukurasa wazi.

Jumamosi Nipo Njiani alileta wanunuzi wawili, na kwa mara ya kwanza alifika saa aliyosema, jambo lililomkuta Mama Pasi bado na kanga begani na dekio mkononi. Mmoja alikuwa mkunga wa zahanati, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana na maneno machache. Wa pili alikuwa mama mkwe wake, aliyekuwa na maneno ya wote wawili.

"Karibuni, karibuni," alisema Nipo Njiani. "Huyu ni mama wa usafi, msimjali."

"Nani asimjali mtu wa usafi?" alisema mama mkwe. "Wewe viatu vyako vimeingia na tope."

Walizunguka. Mama mkwe aligonga kila kitu kwa kifundo cha kidole, meza, dirisha, mlango, akiinamisha sikio kama anayenunua tikiti maji. Sebuleni alisimama.

"Ukuta huu laini. Mkwe wangu akitundika kabati la dawa zake hapa, litaanguka na nyumba. Hii ni biskuti."

"Biskuti, mama?" Nipo Njiani aliumia. "Huu ni mwamba. Ngoja nikuonyeshe." Akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la marehemu lililokuwa pembeni, akalifungua bila kuomba, akatoa nyundo na msumari mrefu wa inchi nne.

"Hapo usigonge," alisema Mama Pasi.

"Mama wa usafi, tulia."

"Usigonge hapo, baba. Gonga kulia kidogo."

"Mama mkwe, tazama," alisema Nipo Njiani, akagonga mara mbili. Mara ya tatu msumari uliingia wenyewe, kwa urahisi uliomfanya atabasamu. Aliuchomoa ili waone tundu lilivyo safi.

Maji yalimpiga kifuani.

Yalitoka kwa nguvu, mstari mmoja mnyoofu, yakapita juu ya bega lake na kuanguka kwenye mkoba wa mama mkwe. Nipo Njiani aliziba tundu kwa kiganja, maji yakatokea kati ya vidole. Aliziba kwa koti, koti likajaa.

"Koki! Koki kuu iko wapi?"

"Ukumbini, chini ya rafu," alisema Mama Pasi, ambaye tayari alikuwa ameanza kutembea, lakini kwa goti lake.

Dalali alimpita mbio. Alipiga magoti, akashika gurudumu la koki kwa mikono miwili akalizungusha kulia, kama mtu yeyote mwenye akili zake angefanya. Sebuleni mama mkwe alipiga kelele. Maji yalikuwa yamezidi maradufu.

"Imeharibika hii!"

"Haijaharibika. Nipishe."

Koki ile ilifungwa kushoto. Fundi aliitoa katika kiwanda kilichokuwa kinabomolewa, uzi wa skrubu yake umekatwa kinyume, na hakugundua, kwa sababu aliiweka siku ambayo mkewe alikuwa hospitalini na uchungu wa mtoto wao. Alirudi jioni na habari za binti, akakuta ameiweka koki ya ajabu. Mafundi wenzake walimcheka mwaka mzima. Mkewe alimwambia aibadilishe. Fundi alikataa, akasema kila akiigeuza anakumbuka alikokuwa anakimbilia. Akachukua penseli na kuandika juu yake: "Hii hufungwa kushoto. Msiniulize, nilikuwa nimepata mtoto."

Mama Pasi alishuka sakafuni kwa goti zima, akazungusha kushoto mara nne na nusu. Sauti ya maji ikafa.

Mkunga alikuwa amesimama kando yake. "Umejuaje?"

"Nimeishi nayo."

"Wewe si mama wa usafi?"

"Na usafi ni mimi," alisema Mama Pasi. "Nyumba ni yangu. Mume wangu ndiye aliyeijenga mifereji yake yote, amefariki mwaka jana."

Mkunga alimgeukia dalali. Nipo Njiani alikuwa anakamua tai yake.

"Pole sana, dada," alisema mkunga, akampa mkono, akamwinua.

Ndipo mama mkwe alipoita kutoka sebuleni, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Njooni mwone. Ukuta unavua nguo."

Maji yaliyotiririka yalikuwa yamebeba rangi ya daraja la kwanza hadi sakafuni, ikawa uji mweupe miguuni mwa mama mkwe. Ilikuwa chokaa, iliyopunguzwa kwa maji mengi. Chini yake rangi ya mafuta ya zamani ilikuwa imetulia na unyevu unaong'aa, na juu ya rangi hiyo, karibu na tundu la msumari, palisomeka herufi kubwa zilizolalia upande mmoja. Mama mkwe alivaa miwani yake na kumsomea dalali kwa sauti ya kanisani.

"'Bomba kuu linapita hapa. Usigongee msumari. Hata wewe.'" Akamtazama. "Amekutaja."

"Mama, mimi fundi rangi ndiye aliyeniangusha, nilimpa hela ya rangi nzuri..."

"Baba, nenda kakauke," alisema Mama Pasi.

Mkunga hakuondoka. Alisoma ukuta wote uliofunuka, polepole, akarudi ukumbini na kuuliza kama kuna mengine. Mama Pasi alimletea daftari. Mkunga alifunua kurasa kadhaa akiwa amesimama.

"Mimi mgonjwa akija simgusi kabla sijasoma kadi yake," alisema mwishoni. "Sijawahi kuona nyumba yenye kadi. Nitaichukua. Ila kuta ziachwe, na usinipakie rangi nyingine juu."

"Na kabati la dawa?" aliuliza mama mkwe.

"Kulia kidogo," alisema mkunga. "Si tumeambiwa?"

Jumatatu waliandikishana kwa mwanasheria. Nipo Njiani alipewa chake kama walivyoandikiana, maana Mama Pasi alikuwa ameweka saini na saini ni neno. Alimwomba tu arudishe ufunguo. Zilirudi funguo tano.

Alipewa siku tisa za kuhama. Ya kwanza aliitumia kama alivyotumia siku zake zote za kazi. Alitafuta mashuka mawili ya zamani ya hospitali, akayalowesha katika maji ya uvuguvugu bila sabuni. Doa la damu, kama chokaa, halisuguliwi. Unalilowesha, unalifunika, unangoja, unaliinua. Alibandika shuka kwenye ukuta wa bafu, akaketi kwenye kigoda, akasali mpaka likawa zito. Alipolivua, maandishi yalikuwa yapo. Aliyanakili. Siku ya pili alimaliza upande wa dirisha katika chumba cha kulala.

Siku ya tatu asubuhi alibandika shuka ukutani, pale kalenda zilipokuwa zikining'inia. Aliliacha muda mrefu kuliko yale mengine. Lilipoanza kuteleza lenyewe alilishika ncha mbili na kulishusha taratibu, akapangusa miwani, akasoma.

Herufi zilikuwa nyembamba, za kijana, hazijaanza kulala upande. Tarehe ilikuwa ya wiki waliyohamia, kabla ya bomba la kwanza kufukiwa. Alikumbuka sasa. Alikuwa amesimama na kalenda ya bure ya duka la dawa, akiuliza aitundike wapi, na mumewe akasema subiri nipime, akapima siku mbili.

"Mke wangu, hapa hakuna bomba. Gonga unavyotaka."

Mama Pasi alifungua daftari kwenye ukurasa wenye kichwa cha habari na mstari chini yake. Aliandika maneno saba na tarehe. Alisubiri wino ukauke, akalifunga, akaliweka ndani ya begi la mkononi, lile ambalo halipakiwi kwenye lori.

Simu ikalia. Alikuwa Nipo Njiani, amesahau koti lake, yupo njiani kulichukua.

"Njoo tu, baba," alisema. "Nimelifua."

Kisha akaenda kwenye sanduku la spana, akachukua nyundo. Zilibaki siku sita tu katika nyumba ile, na kalenda ilikuwa imeshafungwa kwenye boksi. Aliitoa. Aliweka msumari pale alipoambiwa, akagonga.